Sabato Ambayo Binti Yangu Hakuimba

Binti yangu ana sauti kubwa. Sisemi nzuri, nasema kubwa. Watoto wakisimama mbele kuimba katika kanisa letu hapa Macalder, yeye husikika hadi ng'ambo ya barabara kwenye mashimo ya dhahabu, ambako watu hawashiki Sabato wala hawajaomba kuimbiwa. Mwalimu wa kwaya ya watoto ameshanisihi nimwambie apunguze. Nilikataa. Dunia itampunguzia yenyewe akikua. Mimi mama yake siwezi kuwa wa kwanza.

Kwa hiyo Jumamosi ile, wimbo ulipoanza nami nisimsikie, nilijua kuna jambo. Alikuwa amesimama mahali pake pa kila wiki, kavaa gauni lake la manjano, mikono nyuma, midomo ameibana. Wenzake wanaimba, yeye anatazama vidole vya miguu yake. Nilimkazia macho. Nikamwonyesha kwa midomo yangu: imba! Akatikisa kichwa.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kando yangu. Mimi humwita Dana, yaani nyanya kwa Kijaluo, kama mtoto anavyomwita. Yeye huniita Nyar Kisegi, binti wa Kisegi, kwa kuwa huko ndiko nilikozaliwa. Aliniinamia sikioni.

"Tangu asubuhi hajaweka kitu mdomoni," akasema. "Hata chai aliirudisha. Nilimuuliza ana nini, akanijibu meno yakiwa yamefungwa."

Ndipo nikaukumbuka msumari.

Mimi huuza chai na chapati karibu na mahali wanawake wanapooshea mchanga wa dhahabu. Wao humwaga mchanga na maji juu ya bao refu lililotandikwa magunia, takataka inateremka na maji, dhahabu, kama ipo, inabaki kwenye gunia. Bao likioza linabomolewa na kutupwa, na mbao zake hulala pale chini na misumari ikitazama juu. Ijumaa ya wiki iliyotangulia, binti yangu, ambaye ana miaka sita na hajui kutembea bila kukimbia, aliukanyaga mmoja. Msumari ulipenya patipati ukaingia unyayoni, karibu na kisigino.

Alipiga kelele hadi mashine ya kusaga mawe ikazimwa. Wachimbaji walikuja mbio, kila mmoja na dawa yake. Mmoja alitaka kumpaka grisi ya mashine. Mwingine akasema unga wa betri iliyokufa hukausha kidonda mara moja. Niliwafukuza wote kwa mwiko wa chapati. Nikamwosha mguu kwa sabuni na maji mengi, nikamfunga kitambaa safi, na kesho yake kidonda kilikuwa kimefunga kama hakikuwapo. Siku mbili baadaye alikuwa anaruka kamba. Mtoto akiruka kamba, nani anakumbuka mguu?

Dana alikumbuka. Katikati ya wiki, mchana mmoja nikikanda unga, alimketisha mtoto miguuni pake akaugeuza ule unyayo kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu sana. Binti yangu naye, kwa kuwa walikuwa wanatazamana, akamtazama mdomo.

"Dana, meno yako ya hapa yalienda wapi?"

Dana anakaribia miaka themanini, na meno sita ya mbele ya chini hana. Hayakuoza. Yalitolewa. Wajaluo wa rika lake wengi walitolewa, wavulana kwa wasichana, na vitabuni utasoma kwamba ilikuwa alama ya kabila au ya kukua. Dana hana habari na vitabu. Alimwambia mtoto sababu anayoijua yeye.

"Kuna ugonjwa ambao unafunga mdomo," alisema. "Unaingilia kwenye kidonda kidogo, kama hiki chako. Mtu anakaza meno, hawezi kuyafungua hata ukimpa nini. Basi wazee wakaona, afadhali tuache mlango. Akifunga mdomo, uji utapita hapa."

Kisha akamweleza yote, maana Dana akianza hadithi haachi kipande. Jinsi alivyoshikwa na shangazi wawili. Jinsi janak, mtoa meno, alivyokuja na kijichuma chake bapa. Alimshika mtoto kidevu akamwonyesha kwa kidole: hapa, hapa, hapa, mpaka sita. Alisimulia kwa fahari, kama mtu anayesimulia vita alivyopigana akarudi salama. Binti yangu alisikiliza bila kupepesa macho. Mimi nilikuwa na unga mikononi, nikawaza tu kwamba chumvi nimezidisha.

Sasa pale kanisani maneno yale yalinirudia yote kwa pamoja. Kidonda kidogo. Anakaza meno. Wimbo haujaisha nilikuwa nimeshapita katikati ya viti, nimembeba mtoto begani, yeye na gauni lake la manjano, mbele ya mzee wa kanisa na wageni. Nje nilimsimamisha kwenye jua.

"Fungua mdomo."

Akatikisa kichwa.

"Fungua mdomo nimesema!"

Machozi yakamtoka, lakini midomo haikuachana. Nikamshika taya. Niliihisi imekaza chini ya vidole vyangu.

Pepopunda niliijua kwa jina tu. Sisi tuliozaliwa juzi tumeizoea kama neno la bango la kliniki, pamoja na surua na polio. Dana alikuwa ameiona. Alipotoka kanisani akatukuta, aliitazama taya ile mara moja tu. Alipita moja kwa moja hadi nyumbani, ambako ni hatua chache tu, akarudi na thamosi ya uji uliopikwa Ijumaa, kwa kuwa Sabato hatupiki, na kijiko kidogo cha chai. Tukapanda boda kwenda hospitali, mtoto katikati yetu, Dana nyuma ameikumbatia thamosi.

Hasira zangu hazijui mahali wala wakati. Hapo hapo kwenye boda, upepo ukitupiga, niligeuza shingo nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa kooni zaidi ya miaka mitano.

"Dana, ile chanjo ya tatu alipata au hakupata?"

Lazima nieleze. Mtoto alipozaliwa tulikuwa tukiishi Mfangano, kisiwani. Nilikuwa nanunua omena, wale dagaa wa ziwani, pale, nazivusha hadi Kisegi kuziuza, na nyumbani namwacha Dana na mtoto. Chanjo mbili za kwanza za paja nilimpeleka mwenyewe, na kila mara Dana alinung'unika: mtoto mzima, hana homa, unamchoma kwa nini? Siku ya chanjo ya tatu ziwa lilichafuka nikiwa Kisegi, na boti hazikutoka kwa siku kadhaa. Niliporudi nikamuuliza, akasema, "Tulienda," akaendelea kuchagua maharagwe. Kadi haikuwa na alama mpya, nami sikumwamini hata kidogo. Nilijiambia nitamrudisha mwenyewe kliniki, kisha maji ya ziwa yakapanda yakaingia nyumbani, yakachukua godoro, kadi ya kliniki na sufuria zangu mbili nzuri, tukahamia Macalder, na maisha yakaendelea.

Dana aliibana thamosi kifuani. Labda hakusikia kwa sababu ya upepo.

Daktari wa zamu alikuwa kijana wa upande wa Kuria, hajui Kijaluo, hivyo tukaongea Kiswahili. Cha Dana ni cha sokoni. Nilieleza mambo kwa kasi, msumari, mguu, mdomo, mpaka daktari akaniinulia mkono nishushe pumzi. Akamlaza mtoto kitandani. Akambonyeza tumbo. Akamwinamisha shingo mbele, akamwambia aguse kifua kwa kidevu, naye akagusa. Akamkunja magoti, akautazama unyayo.

"Tumbo ni laini," alisema. "Shingo inainama. Mgongo uko sawa. Hiyo ni vizuri, mama." Kisha akachukua kijiti bapa cha kukandamizia ulimi. "Haya, toto, sema aaa."

Binti yangu alikitazama kile kijiti bapa. Sijawahi kuona mtoto akigeuka rangi vile. Alibana midomo mpaka ikapotea, akarudi nyuma kitandani hadi ukutani.

"Hapa ndio sielewi," daktari akasema polepole.

Dana alikuwa amesimama mlangoni na thamosi yake. Ghafla akasema, kwa kile Kiswahili chake:

"Daktari, hii mtoto iko na meno yote. Uji itapita wapi?"

Mimi niligeukia dirisha. Alikuwa amebeba kijiko kumlisha mtoto asiye na mlango.

Daktari akauliza kuhusu chanjo. Nikamwambia mbili nina hakika nazo, na ya tatu amuulize huyo mama mlangoni. Nilisema vibaya, nikimwonyesha kwa kidevu.

"Alipata," Dana akasema.

"Dana, usiseme tu ili tufurahi."

"Alipata. Mimi ndio nilimshika."

Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyewahi kuona mama mkwe na mke wa mwana. Akasema iwe alipata au hakupata, kidonda cha msumari wa matope ni lazima kioshwe tena vizuri, na sindano ya pepopunda atadungwa leo, na baada ya hapo atabaki wamtazame. Akaeleza huku akivuta dawa. Chanjo za utotoni, alisema, ni ukuta. Ukuta ukikaa miaka unahitaji lipu, na hii ya leo ndiyo lipu. Nikapenda alivyosema, kwa sababu ukuta naujua. Lakini moyoni nilikuwa nauliza kama ukuta wangu una upande wa tatu.

Nilimshika mtoto mkono. Daktari akapangusa bega kwa pamba na spiriti. Sindano ikaingia.

Binti yangu alipiga ukelele.

Wacha niseme ulikuwa ukelele gani. Ulikuwa ule wa kwaya, ule ambao mwalimu anataka upunguzwe, na ulitoka kwenye mdomo uliofunguka wazi kama wa kiboko. Niliona ulimi. Niliona kilimi kule nyuma kikitikisika. Niliona magego yote. Na mbele, chini, niliona jino moja dogo la maziwa limelala ubavu, limeshikwa na uzi mmoja tu wa fizi.

Halafu uzi ukakatika na jino likaanguka kwenye mkono wangu.

Mtoto akalitazama jino. Akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili, akamtazama Dana kwa macho ya mtu aliyekamatwa, na maneno yakamtoka kupitia vidole, ya kwanza tangu asubuhi:

"Mama, usimwache Dana anitoe yale mengine!"

Daktari hakuelewa kitu. Mimi nilielewa yote mara moja. Jino lilikuwa limeanza kulegea wiki ile ile, jino la mbele, la chini, pale pale Dana alipomwonyesha kwa kidole. Mtoto akadhani ndiyo saa yake imefika. Akadhani Dana akiliona linatikisika atamwita janak aje na kijichuma bapa, shangazi wawili wamshike, na yote sita yaende. Basi akaufunga mdomo, asile, asiimbe, asiseme, lisionekane. Halafu mama yake mwenye akili nyingi akampeleka mahali ambapo kijana mwenye koti jeupe alimwonyesha kijichuma bapa na kumwambia afungue.

Nilikaa chini sakafuni. Nililia, halafu nikacheka, halafu nikafanya vyote viwili, jino likiwa ngumini. Daktari alipoelezwa alicheka mpaka akavua miwani. Alichukua kijiti chake, na safari hii mtoto akakubali. Kilipogusa nyuma ya koo akakohoa na kutaka kutapika, na daktari akafurahi kuliko mtu anayekaribia kutapikiwa anavyopaswa kufurahi. Akatuambia mwenye pepopunda angekiuma kile kijiti, asingeweza kukitema. Taya hii ilikaza kwa woga tu. Hata hivyo, akasema, tukae mpaka alasiri amtazame tena, na akiona chochote cha kukakamaa turudi mbio.

Dana peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, thamosi magotini, akipumua kwa mdomo kama mtu aliyepanda mlima. Nikaenda nikaketi naye. Mtoto akaja akaketi mbali kidogo, upande wangu, kwa tahadhari.

"Nyathina," Dana akamwambia, mwanangu, "hakuna mtu anatoa meno siku hizi. Yule janak alikufa hata baba yako hajazaliwa."

"Na kijichuma chake?"

"Walimzika nacho."

Sidhani ni kweli, lakini mtoto alisogea karibu. Dana akafungua thamosi akamimina uji kwenye kifuniko. Binti yangu aliupokea kwa mikono miwili akaunywa wote bila kupumua, ukimtiririka kidevuni, akaomba tena. Alikuwa na njaa ya siku nzima. Tulikaa tukimtazama anavyomeza. Sijui kama umewahi kumtazama mtoto akimeza tu, ukaona hiyo inatosha. Mimi siku ile nilishiba.

Hapo ndipo Dana aliponiambia, kwa Kijaluo, polepole, bila kunitazama.

Alikuwa na kaka mdogo. Alichomwa mguuni na ndoano ya samaki akiwa na umri kama wa huyu, kabla ya umri wa kutolewa meno. Taya ilipofunga, mama yao alijaribu kumpitishia uji kwenye kona ya mdomo, ukamwagika wote shingoni. Uso wake ulikuwa kama unacheka, na mwili umejipinda, na hata mlango ukigongwa anashtuka mwili mzima. Alikufa. Baada ya mazishi mama yao hakusubiri tena umri wa Dana ufike. Alimwita janak mapema.

"Na wakubwa waliokuwa na pengo," nikamuuliza, "walipona?"

"Mmoja mmoja. Wengi walikufa wakiwa wamekunywa uji." Akaifunga thamosi. "Pengo hili ni la kungojea ugonjwa, Nyar Kisegi. Halikuufukuza hata siku moja."

Siku ile ya chanjo ya tatu, akasema, boti hazikutoka upande wetu wa kisiwa. Asubuhi alimwogesha mtoto, akaishika miguu yake midogo ili aipake mafuta, na akashindwa kuiachia. Akamfunga mgongoni kwa leso, kadi akaisahau nyumbani. Alipita kwa miguu, kwa njia ya mlimani, hadi upande wa pili palipo na zahanati, na mvua ikawakuta huko juu. Nesi alikuwa anafunga mlango akamgombeza kwa kuchelewa, kisha akamwona alivyolowa akafungua. Mtoto alilia. Dana naye akalia, nesi akadhani amechomwa yeye.

"Yawa! Kwa nini hukuniambia hivyo?" nilimuuliza. "Ulisema 'tulienda' tu, ukaendelea na maharagwe."

"Nilikuwa nimekunung'unikia mara mbili nzima. Ningeanzaje?"

Nikamshika mkono. Nilimwambia "ero kamano", asante, ambalo ni neno dogo kwa mlima mzima na mvua, lakini ndilo lililokuwepo. Yeye akautoa mkono wake, kwa kuwa hapendi mambo hayo hadharani, akakifuta kile kijiko kidogo kwa upindo wa gauni ingawa hakikutumika, akakirudisha mkobani.

Binti yangu alikuwa akilipapasa pengo lake jipya kwa ulimi.

"Dana, langu litaota tena?"

"Litaota. Kubwa kuliko lile."

"Na yako?"

"Yangu yalishajua hayarudi."

Mtoto akafikiri. Kisha akamfungulia Dana mdomo wote ili aone vizuri, na Dana akafungua wake, wakalinganisha mapengo hapo kwenye benchi la hospitali, pua kwa pua, mmoja akihesabu ya mwenzake. Alasiri daktari alimtazama tena, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na kuturuhusu twende.

Sabato iliyofuata watoto walipanda mbele. Wimbo ulipoanza nilikuwa nimefumba macho, nikingoja. Sauti ilikuja mara moja, kubwa kama zamani, na sasa ikiwa na filimbi ndogo ndani yake kila inapofika kwenye herufi ya s. Ng'ambo ya barabara najua waliisikia. Mwalimu wa kwaya aligeuka akatutafuta kwa macho, akainua kiganja kutuomba, na kabla sijajibu, Dana alimtikisia kichwa: asipunguze.